Folda Iliyofunguka kwa Mtu Mmoja

Ofisi ni ya uchapaji, ghorofa ya pili, Kariakoo. Kadi za harusi, mabango, vitabu vya risiti, na kalenda kila ifikapo Novemba. Kuna kompyuta saba za wafanyakazi, fotokopi moja kubwa inayoskani, na kompyuta ya nane iliyosukumwa chini ya meza ya mapokezi ikifanya kazi ya seva. Niliitwa siku ya nne tangu mambo yaharibike. Mama mwenye ofisi alinieleza kwa simu: "Fundi, folda ya KAZI inafunguka kwenye mashine ya mbunifu tu. Wengine wote inawakatalia. Na umeme ukikatika, hata kwake inapotea."

Nilipofika nilikuta wameshapiga Windows upya kwenye mashine mbili na kununua swichi mpya ya mtandao, kile kisanduku cha kuunganishia kebo za kompyuta. Hawakufanya kijinga. Mashine moja ilikuwa inafungua folda bila shida, kwa hiyo walihitimisha kwamba seva ni nzima na wagonjwa ni hao wengine. Mimi pia ningeweza kufikiri hivyo. Kumbe mashine ile moja ndiyo iliyowapoteza wote njia.

Seva yenyewe ilikuwa kompyuta ya kawaida yenye Ubuntu 22.04 ya mezani, ambayo ni aina ya Linux, mfumo unaotumika mahali pa Windows, na ndani yake Samba 4.15. Kwa asiyeijua, Samba ni programu inayoiwezesha Linux kuongea SMB, lugha ambayo Windows hutumia kugawana mafaili na printa. Iliandikwa kwanza na Andrew Tridgell huko Canberra, Australia, mwishoni mwa mwaka 1991 kuingia 1992. Jina lake halihusiani na ngoma ya Brazil wala na timu yetu ya Msimbazi. Jina la awali lilikuwa na mwenyewe, Tridgell akaiambia kompyuta imtafutie kwenye kamusi neno lenye herufi S, M na B kwa mpangilio huo. Mama, ambaye ni Yanga wa kufa na kuzikana, aliniuliza mara mbili kama nina uhakika na hilo.

Kabla ya kugusa chochote nilizunguka mashine zote saba na karatasi, nikafungua folda kwenye kila moja na kuandika namba ya kosa. Maneno ya Windows hayasaidii sana, lakini namba zake husema kweli. Mimi huzisoma kama mtu anayebisha hodi. Namba 53, ambayo kwenye dirisha huonekana kama 0x80070035 (35 ya mwisho ni 53 iliyoandikwa kwa hesabu ya kumi na sita), maana yake hodi haikufika nyumbani kabisa. Namba 67, yaani 0x80070043, ni kwamba nyumba ipo ila chumba ulichokitaja hakipo. Namba 1326 ni mlinzi anayesema jina au nenosiri si sahihi. Namba 5 ni kwamba umesikika, umetambuliwa kwa namna fulani, lakini hupiti.

Karatasi ilitoka hivi: mashine ya mbunifu inafungua, mbili za chumba cha nyuma zina 53, nne zilizobaki zina 5.

Zile mbili za nyuma sikukaa nazo. Hazikuwa kwenye mtandao mmoja na seva. Wifi ya ruta kubwa haifiki vizuri chumba kile, na siku moja mtu akaleta kiruta kidogo cha laini ya simu ili wapate intaneti, mashine zikakishika na kubaki hapo. Seva ilikuwa na anwani 192.168.1.20, wao walikuwa na anwani zinazoanza na 192.168.8. Wangebisha hodi mwaka mzima. Nikavuta kebo mbili kutoka kwenye ile swichi mpya, ambayo angalau ilipata kazi. Zikaacha kusema 53, zikaanza kusema 5 kama wenzao. Dada wa chumba cha nyuma alinitazama kama mtu aliyelipwa kuharibu. Nikamwambia hayo ni maendeleo, hakuniamini.

Faiwoli, ukuta unaochuja nani aingie kwenye kompyuta kupitia mtandao, niliikagua kwa dakika moja. Kwenye PowerShell, dirisha la amri la Windows, ya mashine ya mapokezi niliandika `Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445`, ikajibu kweli. Mlango wa 445, ambao SMB hupitia, uko wazi, basi. Watu hupoteza siku nzima wakizima faiwoli huku na huku, na mara nyingi, kama hapa, haina hatia.

Sasa tukabaki na namba 5 kwenye mashine sita.

Nilihamia kwenye seva na kuuliza Samba inawafahamu watu gani: `sudo pdbedit -L`. Ikatoa mtu mmoja, anayeitwa `fundi`. Hiyo ndiyo akaunti ya kijana aliyeiweka seva hapo ofisini. Lakini kwenye Linux yenyewe kulikuwa na akaunti za wafanyakazi wote saba, kila moja na nenosiri lake, zimetengenezwa vizuri. Tatizo ni kwamba Samba ina daftari lake la manenosiri na haisomi lile la Linux. Kila mtu lazima aandikishwe mara ya pili kwa `smbpasswd -a`. Ni kosa la kila anayeanza, nami nililifanya.

Swali ni kwa nini wasipate 1326, yaani "jina au nenosiri si sahihi", ambalo lingemwelekeza kijana moja kwa moja kwenye daftari. Jibu liko kwenye mstari unaokuja na Ubuntu ndani ya `smb.conf`, faili la mipangilio ya Samba: `map to guest = bad user`. Mstari huo humwambia mlinzi kwamba akija mtu ambaye jina lake halimo daftarini, asimfukuze getini, amwite mgeni na amruhusu kuingia uani. Mgeni huyo anafika kwenye mlango wa KAZI, na KAZI haipokei wageni. Anakataliwa kwa namba 5. Kwa hiyo mwenye ofisi na kijana wote waliona tatizo la ruhusa, wakati tatizo lilikuwa la jina. Ni mstari wenye nia njema, umewekwa ili folda za hadharani zifunguke bila maswali, lakini kwenye ofisi ambayo kila mtu ana jina lake mimi huufuta. Niliandika `never` mahali pa `bad user`, nikaiwasha Samba upya, na mashine sita zikaanza kusema ukweli: 1326.

Nikawaandikisha wote saba. Nikaenda mapokezi, tukaandika jina na nenosiri.

Namba 5.

Hapa ndipo kisa chenyewe kilipo, na nakiri nilikaa kwenye kiti nikanywa soda kwanza. Nilikuwa na uhakika nimerekebisha kosa la kweli. Matokeo kwenye kioo yalikuwa yaleyale, herufi kwa herufi. Nikarudi kwenye seva na kusoma historia ya amri alizoandika kijana. Ndani yake nilikuta `smbpasswd -a mapokezi`, na mistari michache chini yake `smbpasswd -x mapokezi`, yaani kumfuta. Alikuwa ameshaipata dawa sahihi. Akajaribu, akaona namba ileile, akadhani dawa si hiyo, akairudisha kabatini. Baada ya hapo historia inajaa `chmod -R 777`, yaani amri ya kufungua folda na vilivyomo kwa watu wote, mara kumi na moja nilizohesabu.

Kulikuwa na makosa mawili, moja limelala juu ya jingine, na yote mawili huvaa sura moja. Ukiondoa la juu huoni tofauti yoyote.

La pili nililipata kwa kuiacha Samba kabisa. Badala ya kuuliza kutoka Windows, nilijifanya mapokezi ndani ya seva: `sudo -u mapokezi ls /media/fundi/DISKI2/KAZI`. Ikakataa. Yaani hata bila mtandao, bila Samba, bila Windows, mtumiaji huyu hana njia ya kufika kwenye folda hiyo. Logi ya Samba ya mashine ile ilikuwa imesema hivyohivyo siku zote nne, kwamba imeshindwa kuingia kwenye njia hiyo kwa kukosa ruhusa, lakini hakuna aliyeifungua `/var/log/samba`.

Angalia njia yenyewe. Mafaili hayakuwa kwenye diski ya ndani. Yalikuwa kwenye diski ya nje ya USB, ambayo Ubuntu ya mezani huipachika yenyewe, yaani huifanya ionekane kama folda, mtu anapoingia kwenye akaunti yake, chini ya `/media/` na jina la mtu huyo. Amri ya `namei -l` huonyesha kila hatua ya njia na ruhusa zake, na ilionyesha hivi: folda ya KAZI wazi kwa wote, DISKI2 wazi kwa wote, lakini `/media/fundi` imefungwa na mwisho wake kuna alama ndogo ya kujumlisha. Alama hiyo maana yake kuna orodha ya ziada ya ruhusa, na `getfacl` ikaisoma: anayeruhusiwa kupita ni `fundi` peke yake. Mfumo unafanya hivyo makusudi ili flashi uliyochomeka wewe isichunguliwe na mtumiaji mwingine wa kompyuta hiyohiyo. Chumba kilikuwa wazi, sebule wazi, geti limefungwa kwa kofuli la mtu mmoja.

Na zile `chmod` kumi na moja? Diski ilikuwa ya NTFS, mfumo wa kupangia mafaili wa Windows. Ikipachikwa kwa namna ile, kiendeshi cha NTFS hupokea `chmod` kimyakimya, hakirudishi kosa, na hakibadilishi kitu. Mafaili yote yalikuwa yakionekana wazi kwa wote tangu mwanzo. Kijana alikuwa anagonga msumari ambao tayari umezama, na nyundo haikumwambia.

Mashine ya mbunifu sasa inaeleweka. Kijana aliiweka seva, akaijaribu kutokea pale kwa jina lake mwenyewe, `fundi`, akaweka alama ya kukumbuka nenosiri, ikafunguka, akaondoka kwa amani. Mbunifu amekuwa akiingia kama fundi bila kujua. Jaribio lilifanywa na mtu pekee ambaye lisingemshinda.

Umeme nao unaeleweka. Diski ya namna ile hupachikwa mtu anapoingia kwenye kioo cha seva. Umeme ukikatika na kurudi, seva inawaka, inafika kwenye kioo cha kuingilia, inakaa pale. Hakuna aliyeingia, hakuna diski, hakuna `/media/fundi/DISKI2`. Mbunifu akibisha anapata 67: nyumba ipo, chumba hakipo. Mpaka kijana aje, aandike nenosiri lake kwenye seva, na folda "inarudi". Mama alikuwa akimlipa nauli kila umeme ukikatika.

Ilikuwa saa nane mchana na kulikuwa na kadi za harusi ya Jumamosi. Kwa hiyo nilifanya kitu ambacho sikipendi: niliongeza `force user = fundi` kwenye folda ya KAZI. Samba ikaanza kuingia kwa kofuli la fundi kwa niaba ya kila mtu, na mashine zote zikafunguka, isipokuwa ya fedha. Ushauri huu utaukuta kila mahali ukiuliza mtandaoni, na unafanya kazi, lakini kila faili linakuwa la mtu mmoja na huwezi kujua nani alifuta nini. Tena hautibu suala la umeme. Niliuacha kwa saa tano tu.

Ile ya fedha ilitoa namba 1219, ambayo haimo kwenye hodi zangu nne. Windows haikubali mtu mmoja aingie kwenye seva ileile kwa majina mawili kwa wakati mmoja, na kaka wa fedha katika kuhangaika alikuwa ameshaingia kwa jina lingine. `net use * /delete`, kisha kufuta jina la zamani lililohifadhiwa kwenye Windows, ikaisha. Nilifanya hivyohivyo kwa mbunifu jioni ili aache kuwa fundi.

Usiku tulifanya kazi ya kweli. Diski mpya ya TB 2 ndani ya seva, yenye ext4, mfumo wa mafaili wa Linux yenyewe, na mafaili GB 410 kuhamishwa kwa `rsync`, programu ya kunakili. Nilianza nikaona inakwenda polepole, chini ya MB 40 kwa sekunde. Diski ya nje ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la USB 2 mgongoni mwa mashine. Nikaihamishia kwenye tundu la buluu, la USB 3, na kilichokuwa kazi ya saa tatu na ushei kikaisha kwa saa moja na nusu, mafaili ya CorelDRAW yote yakiwemo.

Diski mpya ilipachikwa kwa `fstab`, orodha ya diski ambazo Linux huzipachika inapowaka, kwa namba yake ya utambulisho ya UUID, ili iwepo hata asipoingia mtu yeyote, na kwa neno `nofail` ili seva isigome kuwaka diski ikifa. Neno hilo lina mtego wake: diski isipopachikwa, folda tupu inabaki mahali pake, na watu wanaweza kuandika humo wakidhani wako kwenye diski. Ndiyo maana nilipachika diski kwenye `/srv/diski` lakini nikagawa `/srv/diski/kazi`. Diski isipokuwepo, hiyo `kazi` haipo pia, na Samba inakataa kwa 67. Afadhali kukataliwa kuliko kuandika hewani.

Kipande cha KAZI ndani ya `smb.conf` kikawa hivi:

```
[KAZI]
   path = /srv/diski/kazi
   valid users = @wachapaji
   read only = no
   force group = wachapaji
   create mask = 0660
   directory mask = 2770
```

Mistari miwili ya mwisho watu huiacha, kisha baada ya wiki wanalalamika kwamba faili alilotengeneza mmoja mwingine analisoma lakini hawezi kulihifadhi. Samba ikiachwa ilivyo hutoa mafaili kwa 0744, ambapo mwenye faili peke yake ndiye anayeandika. Folda yenyewe nayo niliipa kundi la `wachapaji` na ruhusa 2770. Ile 2 ya mbele inafanya kila kinachozaliwa humo kirithi kundi. `testparm`, amri inayokagua mipangilio ya Samba, haikulalamika.

Asubuhi mashine zote saba zilikuwa na KAZI kama diski yenye herufi Z. Walitaka pia seva ionekane yenyewe kwenye ukurasa wa mtandao wa Windows. Nikasakinisha `wsdd`, programu inayoitangaza seva kwa Windows, ikaonekana.

Ikabaki fotokopi. Ilikuwa na kitufe cha kuskani na kupeleka moja kwa moja kwenye folda, na haikuwahi kufanya kazi na seva hii. Sababu ni umri: mashine ile inaongea SMB ya kwanza tu, na tangu Samba 4.11 ya mwaka 2019 toleo hilo limezimwa. Mstari mmoja, `server min protocol = NT1`, ungeifungua papo hapo. Mama alisema, "Si uuweke basi." Nilikataa, na tulibishana kidogo. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea duniani kupitia tundu la usalama la SMB ya kwanza kwenye Windows, na miezi michache baadaye Microsoft ikaanza kutoa Windows 10 bila kuiwasha. Mwezi uleule wa Mei Samba nayo ilitangaza tundu lake zito. Ni haki kusema tundu la WannaCry halikuwa la Samba, na ofisi hii haina seva inayotazama intaneti. Lakini kuishusha itifaki ya seva nzima, yenye kazi zote za wateja, kwa ajili ya kitufe kimoja cha fotokopi, sioni hesabu yake. Kumbe fotokopi ilijua pia FTP, njia nyingine ya zamani ya kupeleka mafaili. Nikaweka `vsftpd`, programu ya kupokea FTP, akaunti moja iitwayo `skana`, folda moja isiyo na kitu kingine, na faiwoli inayoikubali anwani ya fotokopi peke yake. FTP nayo hupeleka nenosiri wazi, hilo nalijua, ila nenosiri hilo linafungua folda ya karatasi zilizoskaniwa na basi.

Mwisho niliifunga anwani ya seva kwenye ruta ili isije ikabadilika, nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya kompyuta yenyewe kabla mfumo haujawaka, na kuiambia iwake yenyewe umeme ukirudi. Kisha nikamwomba Mama azime swichi kubwa ya ukutani. Aliuliza kama wote wamehifadhi kazi, mara tatu, akazima. Tulikaa gizani dakika mbili. Akawasha. Ruta ikaanza kupepesa, seva ikaguruma chini ya meza, hakuna aliyegusa kibodi yake. Dada wa chumba cha nyuma alifungua Z kabla yangu, akafungua kadi ya harusi, akabadilisha tarehe, akaihifadhi, akairudisha kama ilivyokuwa.

Diski ya zamani ya USB niliichomoa na kuifunga kwa bahasha yenye tarehe. Iko droo ya mapokezi kwa mwezi mmoja, kama kuna faili lililosahaulika. Akaunti ya `fundi` bado ipo, maana kijana ndiye atakayeendelea kuitunza seva. Nilimpigia nikamsomea mstari wa `smbpasswd -x`, akacheka kwa uchungu, akasema, "Yaani nilikuwa nimeshafika."